Deni la Msikilizaji

Kila kitu kizuri kina nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ni mahali kilipozaliwa, na nyumba ya pili ni mahali kinapopendwa. Aghalabu nyumba hizi huwa mbalimbali, na ile ya pili huwa na taa nyingi kuliko ya kwanza. Mnywaji wa kahawa hamjui aliyeichuma, na mvaaji wa kofia hamjui aliyeidarizi. Hatuwezi kumlaumu mtu kwa kutojua asili ya kila kitu, maana umri wa mwanadamu ni mfupi na vitu ni vingi. Walakini lipo swali ambalo mtu apendaye haki hana budi kujiuliza: Je, anayeifurahia kazi ya mwenziwe ana deni lolote kwa mwenziwe huyo, na kwa mahali kazi hiyo ilipotoka? Au furaha ni kama mvua, ambayo kila mtu aweza kuikinga bila kuuliza wingu limetoka wapi?

Nakualika, msomaji, tulitazame swali hili pamoja. Hatutalitazama kwa maneno ya jumla, kwa sababu maneno ya jumla hayamshiki mtu mkono. Tutalitazama kwa mfano mmoja: muziki uitwao tekno, santuri zake za kale, na mji uliouzaa. Nimeuchagua mfano huu kwa kuwa mimi mwenyewe niliukosea mbele ya wanafunzi wangu, na kosa la mwalimu lina miguu mingi. Hutembea hadi nyumba nyingi kwa siku moja.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Niliwapa wanafunzi insha juu ya sanaa na utu. Mmoja wao aliandika kwamba muziki upigwao kwa mashine ni muziki usio na watu ndani yake. Niliisoma insha ile nikaisifu. Kisha, mbele ya darasa zima, nikaongeza yangu. Nikasema kuwa muziki huo ni wa Wajerumani, ni mlio wa mitambo tu, wala hauna asili ya kumsumbua mtu kuitafuta. Nilisema kwa sauti ya uhakika, kama walimu tunavyosema wakati mwingine mambo tusiyoyajua.

Mwalimu mwenzangu, ambaye nilisoma naye katika chuo cha ualimu, hukusanya santuri za zamani. Aliposikia habari ile hakunicheka. Alinialika kwake jioni, akaniweka kitini, akatoa sahani moja nyeusi ya inchi 12 katika jalada lake. “Mwalimu,” akaniambia, “kwanza sikiliza. Baadaye nitakuambia imetoka wapi.”

Wimbo ule ulitolewa mwaka 1987 na jina lake ni Strings of Life. Mtungaji wake, Derrick May, aliutoa kwa jina la Rhythim Is Rhythim, na sauti za piano zilizomo zilitokana na kazi ya rafiki yake, Michael James. Nilitarajia kelele. Badala yake nilisikia piano ikienda kwa haraka, kama mtu apandaye ngazi kwa furaha. Sauti za nyuzi zikaijibu kwa mikato mifupi, ngoma zikaingia, na chumba kikawa kidogo. Besi haimo katika wimbo ule, na hata hivyo wimbo hauanguki. Hamna mwimbaji wala neno lolote, lakini nisingeweza tena kusema kwamba hamna mtu. Mwenzangu alingoja mpaka sindano ikafika mwisho, akasema: “Hii haikutoka Ujerumani. Imetoka Detroit, na walioanza ni vijana weusi waliokuwa wametoka shule ya sekondari juzi tu.” Nikaona haya. Haya yangu haikuwa ya kutojua, maana kutojua si aibu. Ilikuwa ya kufundisha nisilolijua.

Sasa nikupeleke Detroit, msomaji, kama nilivyopelekwa mimi. Mji huu umo katika jimbo la Michigan, Marekani, kando ya mto unaoutenga na mji wa Windsor wa Kanada. Jina lake lilivuma duniani kwa ajili ya motokaa. Mwaka 1913, katika kiwanda chake cha Highland Park, kampuni ya Ford ilianza kuunda motokaa kwa mstari unaokwenda: chombo kilipita mbele ya wafanyakazi, na kila mmoja akaongeza sehemu yake. Kazi ya kuunganisha motokaa moja, iliyokuwa ikichukua zaidi ya saa 12, ikapungua hata ikawa kama saa 1 na nusu. Watu wakamiminika kutafuta kazi, na miongoni mwao watu weusi wengi kutoka majimbo ya kusini, waliokimbia ufukara na ubaguzi. Mwaka 1950 mji ulihesabiwa kuwa na watu 1,849,568.

Kisha neema ikageuka. Viwanda vikahamia nje ya mji, mashine zikashika nafasi za mikono, na wakazi weupe wengi wakahamia vitongoji. Ghasia za mwaka 1967 ziliua watu 43. Hata Motown, kampuni ya santuri iliyoanzishwa na Berry Gordy mwaka 1959, ambayo ilikuwa fahari ya mji, ilihamisha makao yake hadi Los Angeles mwaka 1972. Mji uliozoea kuunda ukaanza kuzoea kuachwa.

Lakini katika mji huo ulioachwa ilibaki redio. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuwako mtangazaji wa usiku aliyejiita The Electrifying Mojo. Mtu huyu hakuona sababu ya kuutenga muziki wa weusi na muziki wa weupe. Alipiga Parliament, akapiga Prince, akapiga Kraftwerk, kundi la Wajerumani wa Düsseldorf waliotunga kwa vinanda vya umeme. Miongoni mwa waliotega masikio walikuwamo vijana watatu waliojuana shuleni Belleville, mji mdogo ulio kiasi cha kilomita 45 kutoka Detroit. Majina yao ni Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Walikuwa wanafunzi, msomaji, kama wewe. Kwa hiyo neno langu juu ya Wajerumani lilikuwa na chembe ya ukweli, na chembe ya ukweli ndiyo ifanyayo kosa liaminike.

Mwaka 1981 Atkins, pamoja na Richard Davis, chini ya jina la Cybotron, walitoa wimbo wa Alleys of Your Mind. Mwaka 1985 Atkins alianzisha chapa yake mwenyewe ya santuri, Metroplex, akatoa No UFOs kwa jina la Model 500. Mwaka uliofuata May akaanzisha Transmat, na baadaye Saunderson naye akaanzisha KMS. Hawakungoja kampuni kubwa iwafungulie mlango. Kiwanda kidogo cha kufyatua sahani kilikuwako papo hapo mjini, kiitwacho Archer, kilichofanya kazi tangu mwaka 1965. Na vyombo vya kupigia vilipatikana kwa bei iliyokaribiana na mfuko wa kijana. Mashine ya ngoma ya TR-808, iliyoundwa na kampuni ya Roland ya Japani, ilitengenezwa kuanzia mwaka 1980 hadi 1983 tu. Wanamuziki wengi waliidharau kwa kuwa haikulia kama ngoma ya kweli, na kwa hiyo ikauzwa kwa bei ya mitumba. Kilichotupwa na wenye nacho kikawa chombo cha wasio nacho.

Hapa pana jambo la kufikiriwa. Watoto wale walikulia katika nchi ambamo mashine ilikuwa imewanyang'anya watu wazima kazi zao. Wangeweza kuichukia mashine, na hakuna ambaye angewalaumu. Wao wakaikalisha mezani, wakaifundisha kusema yaliyokuwa moyoni mwao. Nilipoandika kando ya insha ya mwanafunzi kwamba muziki huu hauna watu ndani yake, nilikuwa nimekana jambo lile lile lililoufanya uwe wa ajabu.

Huenda utaniuliza, msomaji, mtu ausikilizeje muziki huu hata auone uzuri wake, maana kwa mara ya kwanza sikio husema kwamba haubadiliki. Nitakujibu kwamba ngoma ya jando nayo haibadiliki kwa mpita njia; hubadilika kwa mchezaji. Mashine ya ngoma ya aina ile huugawanya muda katika hatua 16. Mtungaji huchagua hatua ipi ipigwe na ipi iachwe, na ustadi mwingi umo katika kuacha. Sikiliza mara ya kwanza ngoma nzito peke yake. Sikiliza mara ya pili vile vidude vidogo vinavyolia kama njuga juu yake. Mara ya tatu utatambua kwamba kitu kimeingia au kimetoka nawe hukujua ni lini, kama vile hujui ni lini hasa alfajiri hugeuka mchana.

Tena, santuri hizi zilitungwa ziungwe. Nyingi huanza kwa ngoma tupu na kumalizika kwa ngoma tupu, ili mpiga santuri mwenye mashine mbili aweze kuiingiza moja ndani ya nyingine bila wachezaji kusimama. Santuri ya namna hii ni sentensi iliyoandikwa ili mwingine aiendeleze. Jeff Mills, mtoto mwingine wa Detroit, alitoa mwaka 1994 sahani iitwayo Cycle 30, ambayo ndani yake baadhi ya mifereji imefungwa duara. Mfereji wa kawaida humpeleka msikilizaji kutoka ukingoni hadi kati. Mfereji uliofungwa humzungusha mahali pamoja. Sindano ikiingia humo, haitoki mpaka mkono wa mtu uiondoe. Nadhani hilo ni somo la kutosha kwa wanaosema kwamba muziki wa mashine haumhitaji mtu.

Sasa tuufuate muziki ulipokwenda. Mwaka 1988 mkusanyiko wa nyimbo za vijana hawa ulitolewa Uingereza, ukaitwa Techno! The New Dance Sound of Detroit, nao ndio uliolitangaza jina la tekno duniani. Mwaka huo huo wimbo wa Big Fun wa kundi la Inner City, kundi la Saunderson na mwimbaji Paris Grey, ulifika katika kumi bora za Uingereza. Na mwaka huo huo, stesheni kubwa ya gari la moshi ya Detroit, Michigan Central, ilifungwa milango, ikabaki gofu la kupigwa picha.

Nyumbani, vijana walikuwa na ukumbi wao mdogo katika barabara ya Broadway, ulioitwa Music Institute. Ulifunguliwa mwaka 1988, na haukuuza pombe. Watu walikwenda kusikia na kucheza. Mwaka 1989 ukafungwa. Mwishoni mwa mwaka ule, mbali na hapo, ukuta wa Berlin ulianguka, na vijana wa mashariki na magharibi wakaanza kukutana katika majengo matupu ya mji wao. Mwaka 1991 ukumbi wa Tresor ulifunguliwa humo, katika chumba cha hazina cha duka kubwa la zamani, na muziki wa Detroit ukawa kama lugha ya pili ya mji ule. Mike Banks na Jeff Mills, waliokuwa wameanzisha kundi la Underground Resistance, walisikilizwa Berlin kama watu wenye habari. Tangu hapo wengi wa wapiga santuri wa Detroit wamekula jasho lao katika miji ya Ulaya kuliko katika mji wao. Waliondoka Ijumaa kwa ndege kwenda kupigia maelfu, wakarudi Jumatatu katika mtaa ambao jirani hakujua kazi yao.

Sitaki udhani kwamba mji haukufanya lolote. Mwaka 2000 lilianzishwa tamasha kubwa la muziki huu katika uwanja wa Hart Plaza, kando ya mto, chini ya uongozi wa kisanaa wa mtungaji Carl Craig, na watu waliingia bila malipo. Miaka michache baadaye ikawa lazima kununua tiketi. Mwaka 2013 serikali ya mji ilitangaza kufilisika, na mwaka 2020 wakazi walihesabiwa kuwa 639,111, yaani karibu thuluthi moja ya wale wa mwaka 1950. Mnamo Machi 2024 Ujerumani iliutia utamaduni wa tekno wa Berlin katika orodha ya taifa ya urithi usioshikika. Sisemi kwamba Berlin haikustahili. Mlezi naye ni mzazi. Lakini fikiri jinsi mama anavyojisikia anaposoma gazetini kwamba mwanawe amepewa nishani ugenini, na katika gazeti zima asione jina la kijiji chake.

Turudi basi kwenye swali letu. Yuko atakayesema: “Mimi nimeinunua santuri kwa fedha yangu. Bei ni deni, nami nimelilipa.” Neno hili lina haki nusu. Bei huilipia sahani. Haiulipii ukweli juu ya sahani. Aidha, santuri hizi za kale sasa hupita kutoka mkono hadi mkono kwa bei kubwa, na bei hiyo humwendea mwenye kuuza, si mwenye kutunga. Mtu aweza kutumia mshahara wa mwezi kwa kazi ya mtungaji, na mtungaji asipate hata senti ya chai.

Yuko mwingine atakayesema: “Hata wale vijana wa Detroit waliazima. Waliazima kwa Wajerumani, waliazima kwa Parliament. Ikiwa wao waliazima, kwa nini sisi tudaiwe?” Hili ni neno zito zaidi, na ni la kweli. Hakuna mtungaji aliyezaliwa na wimbo mdomoni. Lakini angalia walivyofanya. Waanzilishi wa Detroit hawakuficha deni lao kwa Kraftwerk. Wamelitaja mara nyingi, bila kuona kwamba kulitaja kunawapunguzia kimo. Walichokichukua hawakukirudisha kama kilivyokuwa. Walikirudisha na faida. Kuazima si dhambi. Dhambi ni kuazima kisha kusema kwamba hapakuwa na mwenyewe. Na mimi darasani nilikwenda mbali zaidi ya hapo, maana mali ya mtu mmoja niliandika jina la mwingine.

Lakini wa tatu ndiye ninayemwogopa zaidi, kwa sababu anafanana na mtu mwema. Huyu hasemi kwamba hadaiwi. Huyu anapenda mno. Anazijua santuri zote za miaka ile kwa majina na kwa tarehe. Anaulilia mji, anatundika ukutani picha za viwanda vilivyobomoka, na kusema kwa huzuni tamu kwamba mambo yalikuwa zamani. Mwambie kwamba yuko kijana wa Detroit aliyetoa wimbo mwezi jana, naye hana nafasi ya kuusikiliza. Msomaji, tahadhari na upendo wa namna hii. Ni rahisi kumsifu wa jana, kwa kuwa wa jana haombi kitu. Wa leo ana njaa, ana kodi ya nyumba, na wimbo wake huenda si mzuri bado. Mtu anayewapenda wa kale ili awakwepe walio hai hakuwapenda wa kale pia, maana wao nao, siku ile walipotunga, walikuwa walio hai na wasiojulikana.

Tena kuulilia mji ungali na watu ni kuwatukana wakazi wake. Detroit haijafa. Katika jengo moja la barabara ya East Grand Boulevard imo makumbusho ndogo ya muziki huu, iliyowekwa na wenyewe waliouunda. Makadirio ya mwaka 2023 yalionyesha idadi ya watu ikiongezeka kidogo, baada ya miongo mingi ya kupungua. Stesheni ile iliyofungwa mwaka 1988 ilifunguliwa tena Juni 2024, baada ya kutengenezwa upya. Sisemi kwamba jengo lililopakwa rangi ni ushahidi wa haki. Wengi waliovumilia miaka ya giza huenda wasiimudu kodi ya miaka ya nuru. Nasema tu kwamba anayetaka kuomboleza kwanza ahakikishe kuwa kuna maiti.

Ikiwa hivyo ndivyo, deni la msikilizaji ni nini, na hulipwaje? Naliona katika sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni kujua, na kusema jina. Hii haina gharama, na kwa sababu haina gharama, asiyeilipa hana udhuru. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Nami naongeza kwamba aliyeunda ana jina, na jina lina mji. Sehemu ya pili ni kusikiliza kwa bidii. Mtunzi aliyekesha akichagua hatua ipi kati ya 16 iachwe amekupa usiku wake. Si haki umlipe kwa sikio moja huku ukizungumza. Sehemu hizi mbili aweza kuzilipa hata mwanafunzi asiye na shilingi.

Sehemu ya tatu ni kubwa, na wengi huisahau. Ni kuulinda mwanzo. Tazama ni vitu gani vilivyouzaa muziki ule. Vilikuwa redio isiyobagua. Vyombo vya bei ndogo. Kiwanda cha karibu kilichokubali kumfyatulia kijana sahani chache. Ukumbi usiouza pombe, ambamo wadogo waliweza kuingia. Na rafiki wawili au watatu waliosikiliza pamoja. Hakuna hata kimoja katika vitu hivi kilicho muujiza. Na kila kimoja chaweza kufungwa kimyakimya, bila mazishi, na watu wasijue walichokipoteza mpaka ipite miaka 20 bila wimbo mpya. Mji hauishiwi na vipaji. Huishiwi na mahali pa kuvijaribia. Kwa hiyo anayezipenda kweli santuri za kale hawezi kutosheka kwa kuzipanga rafuni na kuzifuta vumbi. Atajiuliza kama mtoto wa leo, pale Detroit au popote alipo mwenyewe, ana redio ya kumfungua masikio na chumba cha kukosea ndani yake. Mtungaji wa kwanza hatuwezi kumrudishia ujana wake. Twaweza tu kumlipa katika mtu wa mtungaji ajaye.

Baada ya jioni ile nilirudi darasani. Nilisimama pale pale niliposimama wiki iliyotangulia, nikawaambia wanafunzi kwamba nimewafundisha uongo. Niliandika ubaoni majina ya watu na ya mji, na miaka yao. Darasa lilinyamaza, maana watoto hawajazoea kumsikia mwalimu akisema maneno yale. Kisha yule aliyeandika insha akanyosha mkono.

“Mwalimu,” akauliza, “kwa hiyo alama zangu zitapungua?”

“La,” nikamjibu. “Zitakazopungua ni zangu.”

Wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini jioni yule mwanafunzi aliniletea insha yake ameiandika upya, bila ya kuagizwa. Safari hii aliandika kwamba mashine haina utu wala haiukosi; ina utu wa yule aliyeikalia usiku akaiambia la kusema. Nilitafuta kosa la kusahihisha, sikuliona.

Nawe, msomaji, leo au kesho utausikia wimbo utakaokushika moyo, nawe hutajua ulikotoka. Ufurahie kwanza; furaha si kosa. Ukwishapo, uliza ni nani aliyeutunga, na katika mji gani, na kama mlango alioingilia yeye ungali wazi kwa wengine. Ukiyauliza hayo na kuyatenda yatokanayo nayo, utakuwa umeanza kulipa.